Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Mwanafunzi Katika Hewa ya Pwani

Barua zilizotufikia safari hii zimetoka Lamu na Malindi, na zote zimeandikwa na wanafunzi au wazazi wao. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu maradhi yanayoisumbua kompyuta ya mwandishi wake ndiyo yanayoziua kompyuta nyingi za mwambao, nazo hutupwa au kuuzwa kama vyuma chakavu zikidhaniwa kuwa zimezeeka, ilhali zingeweza kuwahudumia wanafunzi kwa miaka mingine mingi.

Saa inayorudi nyuma na skrini nyeusi

Assalaam aleikum. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, naishi Mkomani, Lamu. Tuna kompyuta ya mezani ambayo ami yangu alituletea kutoka Mombasa, nami huitumia kwa mradi wa somo la Kompyuta wa mtihani wa KCSE. Kila ninapoiwasha asubuhi hukuta tarehe imerudi mwaka 2010, na tovuti nyingi hukataa kufunguka zikidai kwamba mawasiliano si salama. Tena, tangu turudi kutoka likizo, kuna siku haiwaki kabisa: hulia mara tatu, kisha skrini hubaki nyeusi. Fundi mmoja ametuambia kwamba bodi kuu imekufa na tununue kompyuta nyingine. Je, ni kweli?
*Mwanafunzi, Mkomani, Lamu*

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kabla ya wazazi wako kutoa fedha, fahamu kwamba unazo hitilafu mbili tofauti kabisa, na kwamba hakuna hata moja kati yake inayothibitisha kuwa bodi kuu imekufa.

Hitilafu ya kwanza ni betri ya saa. Juu ya bodi kuu ya kila kompyuta ya mezani pana betri ndogo ya mviringo, aina ya CR2032 ya volti 3, ambayo kazi yake ni kuitunza saa na mipangilio ya msingi wakati kompyuta haina umeme. Betri hiyo ikiisha, kompyuta husahau leo ni lini na kurudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani. Tovuti nazo hukataa kwa sababu kila tovuti salama ina cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka 2010 hukiona cheti kilichotolewa juzi kuwa bado hakijaanza kutumika, kwa hiyo huzuia mawasiliano. Intaneti yenu haina kosa, wala hakuna kirusi. Na iwapo nyumbani mna desturi ya kuzima soketi ukutani kila usiku, endeleeni nayo, kwani ni desturi njema, ila mjue kwamba betri itaisha mapema kidogo, maana kompyuta iliyochomekwa kwenye umeme huendesha saa yake kwa umeme huo, na ikichomolewa hutegemea betri peke yake.

Kuibadilisha si kazi ya kumwogopesha mwanafunzi wa kidato cha nne. Zima kompyuta kwa utaratibu, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliosalia ndani umalizike. Fungua ubavu wa kasha kwa bisibisi, na uguse chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Piga picha kwa simu ili ukumbuke jinsi vitu vilivyokaa. Sukuma kishikizo kidogo kilicho pembeni mwa betri, nayo itajinyanyua. Weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwasha, huenda kompyuta ikakutaka ubonyeze F1 ili iendelee. Rekebisha tarehe, na uhakikishe ukanda wa saa ni wa Nairobi. Betri za aina hii hupatikana hata kwa mafundi wa saa. Ile ya zamani usiiache mezani: mtoto mdogo akiimeza, inaweza kumchoma koo vibaya ndani ya muda wa saa mbili, na huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitalini bila kungoja dalili.

Hitilafu ya pili ndiyo iliyonifanya niichague barua yako. Maana ya milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, lakini kompyuta inayolia kisha ikabaki na skrini nyeusi, tena siku nyingine ikawaka vizuri, mara nyingi inalalamikia RAM, yaani vile vibao vyembamba vya kumbukumbu vilivyochomekwa wima kwenye bodi kuu. Umesema tatizo lilianza mliporudi kutoka likizo, na hapo ndipo penye jibu.

Hewa ya Lamu hubeba chembe za chumvi kutoka baharini, na upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu chembe hizo huingia mpaka vyumba vya ndani. Peke yake, chumvi kavu haina madhara makubwa. Lakini mnajua jinsi chumvi ya jikoni inavyolowa ikiachwa wazi wakati wa masika: hewa inapofikia unyevu wa takriban asilimia 75, chumvi huvuta maji mpaka ikayeyuka, na maji ya chumvi hupitisha umeme na kula metali. Ndani ya kompyuta, chembe hizo huketi pamoja na vumbi juu ya vituo vya shaba na vya dhahabu nyembamba, yaani zile sehemu zinazogusana ili kupitisha umeme, na usiku unaponyesha au unapokuwa mzito huanza kazi yake polepole. Matokeo yake ni ukungu wa kijani au weupe kwenye pini, na mguso dhaifu kati ya RAM na soketi yake.

Wengi huamini kwamba kompyuta isiyotumiwa inapumzika. Kwa mwambao wetu mambo ni kinyume. Kompyuta inayowashwa hupata joto, na joto hilo huifanya hewa iliyo ndani ya kasha iwe kavu kuliko ya chumbani. Iliyozimwa majuma kadhaa hukaa katika unyevu ule ule wa ukuta, mchana na usiku. Kwa hiyo likizo ijayo mkiondoka, ombeni jamaa anayebaki nyumbani aiwashe mara moja kwa juma, kwa saa moja hivi. Tafadhali pia acheni kuifunika kwa nailoni. Nailoni hufungia unyevu ndani. Leso ya pamba inatosha kabisa kuzuia vumbi, mradi iondolewe kabla ya kuwasha na isirudishwe mpaka kasha lipoe.

Sasa tiba yenyewe. Baada ya kuchomoa umeme kama nilivyoeleza, bana vishikizo vya pembeni mwa RAM na uichomoe ukiishika kwenye kingo, si kwenye vituo vyake. Lowesha kitambaa laini kisichotoa nyuzi kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uiulizie kwenye duka la dawa, kisha pangusa vituo hivyo pande zote mbili na uviache vikauke. Wako wanaosugua kwa kifutio cha penseli. Husaidia siku ile, lakini hukwangua tabaka la dhahabu ambalo ni jembamba sana, na mwezi baadaye kutu hurudi kwa kasi zaidi. Soketi nayo ipulizwe vumbi, kisha RAM irudishwe mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe kwa mlio. Kama kuna vibao viwili, jaribu kimoja kimoja, na ukibadilishie soketi, ili ujue mkosaji ni nani. Naamini sana kwamba kompyuta yako itawaka.

Madhali kasha liko wazi, safisha na vumbi, ukitumia brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, na kipulizio. Feni ishike kwa kidole isizunguke wakati unapuliza, kwa sababu feni inayozungushwa kwa nguvu ya upepo huweza kuzalisha umeme na kuudhuru mzunguko wake. Tazama zaidi kati ya mapezi ya kipoozajoto kilicho juu ya prosesa, ambapo vumbi hujenga zulia zima. Ile pawa saplai, sanduku la chuma ambalo waya wa umeme huingilia, usiifungue kamwe: ndani yake mna vitunza-chaji vinavyobaki na umeme wa kutosha kukudhuru hata baada ya kuchomolewa. Matundu ya nyuma yasiyo na kifuniko yazibe, kwani mijusi na sisimizi hupenda sana joto la humo, na mjusi mmoja akikatiza penye umeme anatosha kuunguza kifaa.

Mahali pa kuiweka pia pana hukumu yake. Nyumba za mawe za Lamu zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na kuta hizo huvuta na kutoa unyevu, tena lipu ya zamani hupukutika. Kasha lisiegemezwe ukutani. Liachie nafasi ya shibiri moja nyuma na pembeni, na liinue kutoka sakafuni. Usiliweke chini ya dirisha linalotazama bahari wala penye mlango wa kiwanda, yaani ule ua wa ndani ya nyumba, mvua inapopiga. Jambo jingine ambalo nimeliona katika nyumba nyingi ni chetezo kuwekwa kando ya meza ya kompyuta. Moshi wa udi na ubani huacha mafuta membamba ambayo hugandisha vumbi na chumvi kwenye feni. Fukizeni chumba wakati kompyuta imezimwa, na mfungue madirisha kabla ya kuiwasha.

Umeme unaokatika na kasha linalowasha vidole

Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa wanafunzi wawili, mmoja kidato cha pili na mwingine chuo cha ualimu. Umeme hukatika wakiwa katikati ya kazi, na ukirudi taa hung'aa kupita kiasi kwa muda kisha zikatulia. Tumeshauriwa kununua UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, lakini sijui kama itawawezesha kusoma usiku kucha. Jambo la pili, mwanangu akiwa hana viatu akagusa kasha la kompyuta, husikia vidole vikiwashwawashwa. Je, nihofu?
*Mama wa wanafunzi, Langoni, Lamu*

Mama, nitaanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo la hatari. Ndiyo, lichukulie kwa uzito. Ndani ya pawa saplai ya kompyuta mna vichujio vinavyopeleka kiasi kidogo cha umeme kwenye chuma cha kasha, kwa kutegemea kwamba waya wa ardhini utauchukua mara moja. Pasipo waya wa ardhini, kasha hubaki na takriban nusu ya volti 240 za ukutani. Mkondo wake ni mdogo mno, ndiyo maana vidole huwashwa tu, lakini ni ushahidi wa wazi kwamba kinga ya nyumba haifanyi kazi, na siku waya wenye umeme utakapogusa chuma hakutakuwa na kitu cha kumlinda mtoto. Nyumba nyingi za zamani ziliwekewa nyaya kidogo kidogo, chumba kwa chumba, na waya wa ardhini ukaachwa au ukakatika. Mtafute fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya taifa inayodhibiti nishati na petroli, apime ardhi ya nyumba nzima. Mpaka afike, kompyuta isitumiwe.

Angalieni pia ekstenshoni. Ikiwa watoto wamezoea kuingiza kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, wakatazeni leo hii. Kompyuta yenye kasha la chuma huja na plagi ya pini tatu, na ile pini ndefu ndiyo ya ardhini. Akiikata mtu kwa sababu haiingii, amekata uhai wa mtumiaji.

Kuhusu UPS, nakushauri uinunue, lakini kwa matarajio sahihi. Lamu ilitegemea majenereta ya dizeli mpaka ilipounganishwa na gridi ya taifa kwa laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, na hata sasa umeme hukatika mara kwa mara. UPS ya nyumbani ya VA 650 haikukusudiwa kumpa mtu usiku wa kusoma. Hutoa dakika kumi hivi au zaidi kidogo, za kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa utaratibu, na hizo ndizo dakika zinazookoa diski. Chagua ile yenye kirekebisha-volti ndani yake, maana taa zinazong'aa kupita kiasi zinaonyesha kwamba volti zenu hupanda. Chomekeni kasha na skrini tu. Pasi, feni ya chumba na printa ya leza zisiguse UPS, kwa kuwa printa hiyo huvuta mkondo mkubwa ghafla inapopasha joto.

Betri iliyomo ni ya risasi na asidi, ya volti 12, nayo kwa kawaida huishi miaka 3 hadi 5 ikikaa kwenye joto la nyuzi 25. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri huo kwa karibu nusu, kwa hiyo chumba cha chini chenye ubaridi ni bora kwake kuliko dari chini ya bati. Mara moja kwa mwezi, chomoeni UPS ukutani kompyuta ikiwa imewaka na kazi imehifadhiwa, muone kama inashikilia. Na umeme ukirudi baada ya kukatika, subirini dakika tano kabla ya kuwasha chochote.

Kompyuta ya zamani na mwisho wa Windows 10

Nasoma chuo kikuu, nipo nyumbani Malindi kwa muhula huu nikiandika tasnifu. Kompyuta yetu ni ya mwaka 2013, ina RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka na Windows 10. Ni nzito sana. Naweza kutia chai kabla haijafunguka. Rafiki ameahidi kuniwekea Windows 11 ya bure aliyoitoa mtandaoni. Nikubali?
*Mwanafunzi wa chuo kikuu, Malindi*

Usikubali, na sababu si moja. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikabakiza kwa watu binafsi mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama unaofikia tarehe 13 Oktoba 2026, ambao mtu hulazimika kujiandikisha. Windows 11 kwa upande wake hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa ujumla kizazi cha 8 na kuendelea, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta ya 2013 haifikii masharti hayo. Nakala iliyovunjwa kufuli inaweza kulazimishwa iingie, lakini aliyeivunja ana uwezo wa kupachika ndani yake kitu cha kusoma maneno yako ya siri, na wewe una tasnifu, akaunti ya chuo na M-Pesa ya kulinda.

Uzito wa kompyuta yako chanzo chake kikubwa ni ile diski ya kuzunguka. Weka SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya aina ya SATA ya GB 240 au karibu na hapo, na uongeze RAM ifike GB 8, ukihakikisha ni ya aina ya DDR3 kama iliyopo, kwani DDR4 haiingii kwenye soketi hiyo. Mabadiliko haya mawili huihuisha kompyuta ya umri huo kuliko kitu kingine chochote, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta mpya. Kisha weka Linux Mint, mfumo wa bure na halali unaoendelea kupata masasisho, ambao huja na LibreOffice ya kuandikia. Sharti langu ni moja: uliza kwanza idara yako kama kuna programu ya lazima inayofanya kazi kwenye Windows pekee, kwa mfano ya takwimu. Ikiwa ipo, jiandikishe kwenye mpango wa nyongeza umalizie tasnifu, kisha uhame.

Diski ya zamani usiifute siku hiyo hiyo. Iweke kando mpaka uhakikishe kwamba kila sura ya tasnifu imefunguka kwenye mfumo mpya.

Fleshi iliyogeuza mafaili

Nilikwenda saiba kuchapisha insha. Niliporudi, mafolda yote kwenye fleshi yamegeuka vialama vidogo vyenye mshale, na yakifunguliwa hayana kitu. Je, kazi yangu ya muhula mzima imepotea?
*Mwanafunzi, Shela, Lamu*

Haijapotea, mwanangu, imefichwa na kirusi, nacho hungoja uibofye ile mishale ili kihamie kwenye kompyuta yako. Usiibofye tena. Fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt), tazama fleshi imepewa herufi gani, na kama ni E, andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha ubonyeze Enter na ungoje. Mafolda ya asili yatajitokeza. Nakili hati zako tu, yaani insha, picha na majedwali, uzihamishie kwenye kompyuta, ufute mishale yote na programu yoyote usiyoijua, kisha uifomati fleshi na uruhusu Windows Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows, ichunguze kompyuta nzima.

Kwa safari zijazo, mtumie mwenye saiba hati kwa barua pepe ikiwa katika PDF, ili fleshi isitoke nyumbani. Nakala moja ya kazi iwe kwenye kompyuta, ya pili kwenye Google Drive, ambayo hutoa GB 15 bila malipo, na ya tatu kwenye diski ya nje iliyofungiwa ndani ya kikopo pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Fleshi ikilazimika kutoka, ikirudi ichunguzwe kwanza na Defender, ndipo ifunguliwe.